Kabla hujalipia shamba la kuhamia, kagua maji kwanza

Kama unatafuta eneo la mashambani uhamie, ulime, ufuge na ujitegemee, usianze na bei ya ardhi. Anza na maji. Nenda mwishoni mwa kiangazi, si wakati kila kitu ni kijani, uwaulize majirani visima vyao vina kina gani na hukauka mwezi gani. Mwenyeji wa siku nyingi atakuambia mengi ambayo dalali hatayagusa.

Kisha tafuta takwimu za mvua za eneo hilo upige hesabu: milimita 1 ya mvua kwenye mita 1 ya mraba ya paa ni lita 1. Paa la mita 100 za mraba, mvua ya milimita 600 kwa mwaka, ni lita 60,000. Toa kidogo kinachopotea, bado ni maji ya maana sana. Ila angalia mvua inavyogawanyika, maana miezi sita mikavu inadai tangi kubwa.

Udongo nao ujaribu, uone una mchanga, tope na mfinyanzi kiasi gani: tia kiasi kwenye chupa ya kioo, ongeza maji, tikisa, iache. Mchanga hutua upesi, tope laini baada ya saa kadhaa, mfinyanzi hata siku nzima au zaidi.

Rudi mvua zikikolea uone kama barabara inapitika. Na uhakikishe kwenye ofisi ya ardhi kwamba njia ya kuingia shambani ni haki yako kisheria, si hisani ya jirani. Hili watu hulipuuza mno. Jirani akiuza, mwenye shamba mpya anaweza kuifunga.