Jinsi ya Kupima Maji Yanayoingia na Kutoka Katika Seli za Kiazi

Maji hayatulii ndani ya seli iliyo hai. Molekuli zake huingia na kutoka wakati wote kupitia utando wa seli, ambao unene wake ni nanomita chache tu, na kinachobadilika ni upande upi unapokea nyingi kuliko unazopoteza. Pale ambapo maji mengi zaidi yanaelekea upande wenye sukari au chumvi nyingi, huku utando ukizuia sukari au chumvi hiyo isipite kwa urahisi, tunasema kuna osmosisi. Tofauti hiyo inaweza kupimwa kwa mizani na vipande vya kiazi mviringo, mradi kazi ifanywe kwa uangalifu. Ikifanywa kwa pupa, namba zitakazopatikana hazitakuwa na maana yoyote.

Anza na mimumunyo. Tumia sukari nyeupe ya kawaida, yaani sukrosi, ambayo mola yake moja (mola ni kipimo cha idadi ya molekuli kinachotumiwa na wanakemia) ina gramu 342. Ili kupata mililita 100 za mmumunyo wenye ukolezo wa mola 1 kwa lita, pima gramu 34.2 za sukari, iyeyushe katika mililita 60 hivi za maji yaliyokenekwa, yaani maji safi yaliyotokana na mvuke uliopozwa, kisha ongeza maji mpaka yafike alama ya 100. Usipime mililita 100 za maji kwanza na kutia sukari baadaye, kwa sababu sukari nayo huchukua nafasi na ujazo utazidi. Kwa utaratibu huohuo, gramu 27.4, 20.5, 13.7 na 6.8 zitakupa mimumunyo ya 0.8, 0.6, 0.4 na 0.2. Chombo cha sita kiwe na maji yaliyokenekwa peke yake. Andika ukolezo juu ya kila chombo mapema, kwa kuwa mimumunyo yote hufanana kwa macho.

Vipande vyote vitoke katika kiazi kimoja kikubwa ikiwezekana, kwani viazi viwili hutofautiana kwa kiasi cha maji na sukari vilivyonacho. Ondoa ganda lote, maana lina tabaka lisilopitisha maji kwa urahisi, na upande uliobaki na ganda utaharibu kipimo kimyakimya. Kata vipande vyenye urefu wa sentimita 5 na upana wa sentimita 1 kila upande, vitatu kwa kila chombo. Kipande cha namna hiyo huwa na takribani gramu 5.

Hatua inayoharibu majaribio mengi kuliko nyingine zote ni ya kukausha na kupima. Tone moja la maji lililobaki juu ya kipande lina takribani gramu 0.05, ambayo ni asilimia 1 ya uzito wa kipande chote, na badiliko unalolitafuta lenyewe linaweza kuwa la asilimia chache tu. Kwa hiyo kila kipande kilazwe juu ya karatasi ya kufyonza maji na kugeuzwa pande zote nne kwa mguso mwepesi, bila kukikamua, kabla ya kuzamishwa na baada ya kutolewa, kwa namna ileile na kwa muda uleule. Kukamua ni kosa kubwa zaidi kuliko kuacha unyevu, kwa sababu unatoa maji ya ndani ambayo ndiyo uliyokusudia kuyapima. Pima kwa mizani inayosoma hadi sehemu ya mia ya gramu, andika uzito papo hapo, kisha zamisha kipande chote na ufunike chombo ili maji yasivukizwe na kuongeza ukolezo. Saa mbili zinatosha, ila zianze kuhesabiwa kwa kila chombo peke yake.

Ukishapima tena, usilinganishe gramu kwa gramu. Kipande kilichotoka gramu 5.20 hadi 5.72 kimeongezeka gramu 0.52, na kile kilichotoka 4.80 hadi 5.28 kimeongezeka 0.48, vyote viwili vimeongezeka asilimia 10. Gawanya badiliko kwa uzito wa mwanzo, zidisha kwa 100, weka alama ya kutoa pale uzito ulipopungua, kisha tafuta wastani wa vipande vitatu.

Chora grafu, ukolezo ukiwa kwenye mhimili wa ulalo na asilimia kwenye mhimili wa wima. Mahali ambapo mstari unakata sifuri ndipo penye jibu. Kwa viazi vingi huwa kati ya 0.2 na 0.4. Hapo maji hayajasimama, bali yanayoingia yanalingana na yanayotoka. Kwenye ukolezo wa juu utaona mstari ukianza kulala: seli zimekwisha kupoteza sehemu kubwa ya maji, utando umebanduka kutoka kwenye ukuta wa seli, na mmumunyo wa nje umejaza nafasi iliyoachwa, kwa kuwa ukuta huo hupitisha sukari ambayo utando unaizuia. Ukishika kipande kilichokuwa kwenye mmumunyo wa mola 1, kitapinda bila kuvunjika. Kilichokuwa kwenye maji matupu ni kigumu na hukatika kwa mlio. Hakikupasuka kwa sababu ukuta wa seli uliyahimili maji yaliyoingia, ilhali chembe nyekundu ya damu, isiyo na ukuta, hupasuka katika maji kama hayo.

Kubanduka huko kwa utando kunaonekana waziwazi kwa hadubini. Bandua ngozi nyembamba yenye rangi kutoka kwenye kitunguu chekundu, iweke juu ya kioo, na udondoshe mmumunyo wa chumvi wa asilimia 5. Baada ya dakika chache rangi ya zambarau itajikusanya ndani ya kila seli na kuacha pengo jeupe pembeni. Ukiondoa chumvi kwa maji safi, seli nyingi zitajaa tena. Rudia kwa ngozi iliyotumbukizwa kwenye maji yanayochemka: rangi itavujia nje, na seli hazitanywea hivyo tena, kwa kuwa utando umeharibika.

Unapoandika ripoti, usiseme kwamba seli zilitumia nguvu kuvuta maji. Osmosisi haihitaji nishati ya seli. Kinachoihitaji ni usafirishaji amilifu, yaani ule ambao seli husukuma vitu kwa kutumia nishati yake, kama ule wa pampu ya sodiamu na potasiamu iliyoelezwa na Jens Skou mwaka 1957 katika seli za wanyama, ambayo kwa kila molekuli moja ya ATP, kemikali inayobeba nishati ya seli, hutoa ayoni (chembe zenye chaji ya umeme) 3 za sodiamu na kuingiza 2 za potasiamu, na mizani yako haiwezi kuiona.