Somo: Meli iko wapi? Kutazama "Bahari ya Barafu" ya Friedrich

Wakuu, niliahidi somo la picha za mandhari za Kilimbwende, yaani za ule mkondo wa sanaa wa Ulaya uitwao Romanticism kwa Kiingereza. Badala ya kurukaruka kwenye picha kumi, tuchukue moja tuikamue: "Bahari ya Barafu" ya Mjerumani Caspar David Friedrich, ya mwaka 1823–1824. Iko Hamburg, kwenye jumba la sanaa la Kunsthalle. Ni rangi ya mafuta juu ya turubai la kama sentimita 97 kwa 127, karibu sawa na meza ya chakula ya watu wanne.

Ifungueni kwenye simu, ila ikuzeni. Mimi mara ya kwanza niliiona kwa udogo wa stempu, nikadhani ni kifusi cha ghorofa lililoporomoka.

Hatua ya 1: Itafute meli. Macho yatakimbilia katikati, kwenye mapande ya barafu yaliyosukumana na kupandana mpaka yakachongoka. Meli haipo hapo. Sogea kulia: kuna tezi ya meli, yaani sehemu yake ya nyuma, imelala ubavu, imebanwa, nusu imeshamezwa. Ukishaiona, tulia hapo kidogo. Kidude kile kilikuwa chombo kizima chenye mabaharia.

Hatua ya 2: Pima. Sasa rudi kwenye barafu. Dakika moja iliyopita yalikuwa mapande tu. Sasa yana kimo cha majumba. Picha haijabadilika hata nukta, kilichoingia ni kipimo. Kwangu mimi hii ndiyo siri yote. Mchoraji wa kawaida akitaka kukutisha na mlima, anaukuza mlima. Friedrich aliidogosha meli.

Hatua ya 3: Jiulize umesimama wapi. Hakuna ufukwe, hakuna njia, hakuna hata mtu mmoja aliyenusurika. Barafu ya mbele ina rangi ya udongo, hudhurungi inayoelekea manjano chafu, na kingo zake zimekuelekea wewe. Samawati baridi iko mbali, kule kwenye anga. Rangi hiyo ya uchafu haikutoka Ncha ya Kaskazini, maana Friedrich hakuwahi kufika huko. Aliishi Dresden, na majira ya baridi ya 1820–1821 alichora barafu iliyokuwa ikivunjika kwenye mto Elbe. Barafu ya mto ndiyo akaigeuza bahari.

Hatua ya 4: Linganisha. Fungua picha ya Turner, Mwingereza, ya mwaka 1842: meli ya mvuke ndani ya dhoruba ya theluji. Pale mawimbi, moshi na theluji vinazunguka pamoja kama maji kwenye shimo. Kwa Turner dhoruba bado inapiga. Kwa Friedrich imeshapiga, ikaondoka. Mie kile kimya ndicho kinachonitisha zaidi.

Maswali karibuni.

Kipepeo: Mkuu, Ulimbwende si mambo ya mamiss na urembo?

Jibu: Hahaa, neno ni hilo hilo, lakini hapa ni jina la mkondo wa sanaa na fasihi wa Ulaya, mwishoni mwa karne ya 18 hadi katikati ya karne ya 19. Na wachoraji hawa urembo mtupu haukuwatosha. Mwaka 1757 mwanafalsafa Edmund Burke alishatenganisha kizuri na kile kinachotupa hofu yenye raha ndani yake, ilimradi hatari yenyewe isitufikie. Kwa Kiingereza hicho cha pili huitwa *sublime*; Kiswahili chake mimi nasema *kicho*, lile lile la kumcha Mungu.

Mwana wa Pwani: Nimesoma kuwa ndugu yake alizama kwenye barafu. Ndiyo maana akachora hii?

Jibu: Ndugu yake alizama kweli, mwaka 1787, Friedrich akiwa na miaka 13, inasimuliwa kwamba alikuwa akimwokoa yeye. Lakini picha ilikuja zaidi ya miaka 35 baadaye, na wakati huo Ulaya ilikuwa ikifuatilia safari za Mwingereza William Parry kwenye bahari za kaskazini. Siwezi kuitoa ile huzuni ndani ya picha, wala siwezi kuifanya ufunguo wa kila kitu.

Bibi Rangi: Iliuzwa bei gani?

Jibu: Haikuuzwa. Alipofariki mwaka 1840 ilikuwa bado mikononi mwake.

Fundi Brashi: Nachora bahari yenye dhoruba, kila nikimaliza inaonekana kama shuka lililokunjamana. Nakosea wapi?

Jibu: Umeweka chombo ndani?

Fundi Brashi: Ndiyo, jahazi kubwa katikati.

Jibu: Lipunguze liwe kama ukucha wa kidole kidogo, ulitoe katikati, halafu mawimbi usiyaguse. Tupia picha hapa tuone.