Kupiga picha Mshtarii kwa darubini ya uani

Mdogo wangu ana darubini ya vioo ya milimita 150, f/8 (yaani urefu wa fokasi ni mara 8 ya upana wake). Alichomeka kamera tupu, bila lenzi, akapata kidoa. Ndivyo ilivyo: kwa urefu wa fokasi wa milimita 1,200, Mshtarii ni kama robo milimita tu kwenye sensa, kile kipande cha kamera kinachopokea mwanga. Dawa ni kuweka lenzi ya jicho, ile ya kuchungulia, katikati, iikuze picha na kuitupa kwenye sensa. Hivi ndivyo tulivyofanya.

1. Kufunga. Ringi ya T (ya kuunganisha kamera na darubini) kwenye kamera, kisha adapta yenye lenzi ya jicho ndani, vyote kwenye fokasa, ile shingo inayosogea ndani na nje. Basi.

2. Lenzi ya jicho. Tumia Plössl, aina ya lenzi ya jicho, ya milimita 15. Gawa umbali wa lenzi hadi sensa kwa fokasi yake, toa moja: 75 kwa 15 ni 5, toa 1, picha inakua mara 4. Darubini inakuwa f/32, Mshtarii inafika milimita moja. Ukiweka ya milimita 6 kwa tamaa, unaangukia f/92: giza na ukungu mtupu. Lenzi za jicho za zumu nyingi ni nene, haziingii kwenye adapta, na hata zikiingia mimi sizitaki.

3. Kuitafuta na kufokasi. Hapa ndipo usiku unapoishia.

Panga kitafutio, kile kidarubini cha kulengea, mchana, kwa mnara wa simu wa mbali. Usiku iweke sayari katikati kwa lenzi ya milimita 25, ndipo ufunge kamera. Uzito wa kamera utaishusha darubini, kwa hiyo funga soksi ya mchanga upande wa nyuma kwanza. Fremu sasa ni kama nusu ya upana wa Mwezi. Bila mota ya kuifuata sayari, Mshtarii inaikatiza kwa dakika moja hivi.

Skrini ikiwa nyeusi, usidhani umeikosa. Huenda fokasi iko mbali mno, mwanga umetawanyika. Panda ISO (wepesi wa sensa kuona mwanga) hadi 6400, utaona duara hafifu lenye tundu jeusi katikati: kivuli cha kioo kidogo. Sogeza fokasa nje kidogo kidogo hadi duara lisinyae.

Usifokasi kwa uso wa sayari, kingo zake hudanganya. Ongeza mwanga hadi mmoja wa miezi yake, Io, Europa, Ganymede au Callisto, utokee, kuza skrini mara 10, uufanye uwe nukta. Gusa, ondoa mkono, subiri mtikisiko uishe, ndipo uamue. Pitiliza kidogo, kisha rudi. Rudia kila baada ya nusu saa, maana bomba la darubini likipoa fokasi huhama.

Picha ikichemka kama uji, tazama chini yake: mabati ya jirani bado yanatoa joto la mchana. Subiri sayari ipande. Na darubini ikitoka kwenye kiyoyozi kuingia joto la Dar, vioo hushika umande. Itoe saa nzima kabla.

4. Kurekodi. Video, si picha moja moja. ISO 1600, 1/30 hadi 1/60 ya sekunde kwa kila fremu, usizidishe dakika mbili: Mshtarii hujizungusha kwa chini ya saa 10, madoa yatavutika.

5. Kompyuta. Kwa programu ya AutoStakkert, chagua robo ya fremu zilizo bora uzirundike ziwe picha moja, kisha inoe kwa programu ya RegiStax. Ukiona pete nyeupe ukingoni, umenoa kupita kiasi.