Namna ya kulinganisha mitandao ya simu kabla hujanunua laini za kazi

Kazi yangu ni kuwaandalia vifaa wadodosaji wanaokwenda vijijini kukusanya takwimu: vishikwambi, pawabenki, na laini za simu. Kabla ya kila safari lazima mtu aniulize, "Tuchukue mtandao gani?" Anataka nimtajie jina moja, basi, akanunue.

Kuna mwaka nilitaja jina moja. Nilisoma takwimu, nikaangalia ramani kwenye tovuti ya kampuni, nikachagua mmoja wa mitandao mikubwa na kununua laini 24. Tukapandisha milima ya Usambara, Mombo, Soni, Lushoto, mpaka vijiji vya ng'ambo ya Mlalo. Siku tatu fomu zilikaa ndani ya vishikwambi bila kutoka. Mama mmoja mwenye duka alitutazama tukizunguka na vifaa mikononi akatuambia, "Wanangu, mtandao huo hapa hata vocha zake sileti." Alikuwa na jibu ambalo mimi sikulitafuta. Tangu hapo nafuata utaratibu huu, na unamfaa pia anayefungua duka la uwakala, zahanati, shule, au anayemnunulia mzazi wake simu kijijini. Nimeuandika kwa Tanzania kwa sababu ndiko ninakofanyia kazi.

Hatua ya 1: Andika mahali, saa na kazi

Chukua daftari. Usiandike "Tanga" wala "Lushoto". Andika kijiji, kitongoji, na mahali hasa ambapo simu itatumika: ndani ya ofisi ya kijiji, chumba cha sindano, kibanda cha wakala. Kisha andika saa. Wadodosaji hutuma fomu kati ya saa 12 jioni na saa 3 usiku, muda ambao kijiji kizima kimerudi nyumbani na kimeshika simu. Mwisho andika kazi yenyewe. Kupiga simu tu ni jambo moja, kutoa fedha kwa wakala ni jambo la pili, kutuma fomu yenye picha nne ni la tatu. Mtandao unaofaa kwa la kwanza unaweza kukuangusha kwenye la tatu.

Hatua ya 2: Soma takwimu za wateja, ukijua zinahesabu nini

Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, hutoa takwimu za mawasiliano kila robo mwaka, na zinapatikana bure kwenye tovuti yake. Humo utakuta laini za kila kampuni (Vodacom, Yas, Airtel, Halotel, TTCL), mgawanyo wa laini kwa mikoa, intaneti, na fedha za simu. Anza hapo, kabla ya tangazo la kampuni yoyote.

Lakini soma taratibu. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 61,741,120. Kufikia Desemba 2024 laini zilikuwa zimepita milioni 86. Nchi yenye watoto wengi kama yetu haiwezi kuwa na wamiliki wa simu wengi kuliko watu. Kinachohesabiwa ni laini, na mtu mmoja ana mbili, tatu: moja ya bando la bei nafuu, moja ya kupokelea hela, moja aliyopewa na ofisi. Kwa hiyo ukiona kampuni ina asilimia fulani ya soko, usiseme asilimia hiyo ya Watanzania ni wateja wake. Wengi wao ni wateja wa jirani yake pia.

Kuna laini zisizo na mtu kabisa. Kifaa cha kufuatilia mwendo wa basi kina laini ndani yake. Mashine ya malipo pale sheli nayo ina laini. Ripoti huzitenga laini hizi za mashine kwa mashine, basi hakikisha unalinganisha safu moja kwa makampuni yote.

Swali linalowapita wengi ni hili: laini hai ni ipi? TCRA huhesabu laini iliyotumika walau mara moja katika miezi mitatu. Vodacom nao kwenye taarifa zao hutumia miezi mitatu. Airtel Africa, kampuni mama ya Airtel Tanzania, huhesabu mteja aliyetumia huduma ndani ya siku 30. Hakuna anayedanganya hapo, ila ukichukua namba ya mmoja kutoka taarifa yake kwa wanahisa na ya mwingine kutoka TCRA, umelinganisha debe na kilo. Chukua namba zote kutoka chanzo kimoja, robo moja. Zingatia pia majina: Tigo ikawa Yas Novemba 2024, na kwenye ripoti za zamani zaidi Zantel ilikuwa na safu yake. Asiyelijua hilo atadhani kuna kampuni imekufa na nyingine imeota usiku mmoja.

Sasa, wingi wa wateja una faida gani kwako? Kwangu una mbili. Kwanza, fedha: penye wateja wengi wa mtandao fulani pana mawakala wengi wenye floti, yaani fedha ya kufanyia miamala, na mdodosaji akitumiwa posho ataitoa bila kupanda bodaboda. Kwa hiyo angalia laini za mkoa wako, achana na jumla ya nchi. Pili, msongamano. Mnara una kiasi chake cha kubeba, na wateja wengi kwenye mnara mmoja jioni maana yake kila mmoja anapata kidogo. Mtandao wenye wateja wachache pale kijijini unaweza kuwa na kasi kubwa kuliko ule unaotamba nchi nzima. Nimeliona hili mara nyingi, ndiyo maana siuachi mtandao mdogo bila kuupima.

Hatua ya 3: Tenganisha watu waliofikiwa na ardhi iliyofikiwa

Ukisoma kwamba mtandao umefikia asilimia fulani, uliza: ya watu au ya eneo? Watu hukaa pamoja, mijini na kandokando ya barabara, kwa hiyo asilimia ya watu huwa juu na asilimia ya ardhi huwa chini yake. Mwenye duka Kariakoo anatosheka na ile ya kwanza. Dereva wa lori, mfugaji, au mdodosaji anayetembea kaya kwa kaya anahitaji ya pili.

Uliza pia ni kizazi gani cha teknolojia ya mtandao. 2G imefika mbali kuliko 3G na 4G. Yapo maeneo utakayopiga simu vizuri kabisa ila picha haitoki.

Ramani za makampuni zitazame kama makadirio, kwani huchorwa na kompyuta. Kompyuta inajua mlima ulipo, ila haijui kuta zako za tofali wala bati lako. Zitumie kuondoa mtandao ambao kampuni yenyewe inakiri haupo, na usizitumie kuthibitisha kwamba upo. Pale Usambara mnara unaweza kuwa kilomita mbili tu, lakini tuta la mlima likiwa katikati umekaa kivulini. Ukivuka tuta, simu inajaa.

Ukiona kata yako haina kitu, ulizia Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, UCSAF. Mwaka 2023 mfuko huo ulisaini mikataba na makampuni ya simu ya kujenga minara 758 kwenye kata 713 za vijijini, na mtendaji wa kata kwa kawaida anajua kama kuna mnara unakuja kwake.

Hatua ya 4: Waulize wenyeji, na uliza vizuri

"Mtandao gani mzuri hapa?" ni swali bovu, kwa sababu kila mtu atakutajia laini aliyonayo. Mimi huenda dukani, nanunua maji, namwamkia mwenye duka, kisha nauliza: "Mama, vocha ya mtandao gani inakuishia haraka?" Halafu: "Wakala akitaka kumtolea mtu hela, hutoka nje ya kibanda?" Na la tatu, ambalo ni muhimu kuliko yote: "Umeme ukikatika, mtandao gani unabaki, na kwa muda gani?"

Yule mama wa Mlalo, nilipomrudia mwaka uliofuata nikiwa na daftari, alinijibu yote matatu bila kusita. Akaongeza ambalo sikumuuliza: "Ukisimama pale kwenye mkaratusi, shuleni, yote inashika. Watu wa posa hupigia pale." Niliandika mkaratusi ule daftarini.

Hatua ya 5: Pima mwenyewe

Hapa ndipo pa kutumia muda wako. Nunua laini moja ya kila mtandao. Tumia simu moja kwa zote, ukibadilisha laini kwenye tundu lilelile. Simu mbili tofauti zina antena tofauti, na simu nyingi za zamani zenye laini mbili huipa laini ya pili 2G au 3G tu. Ukiweka mtandao mmoja tundu la kwanza na mwingine la pili, umelipima tundu ukidhani umepima mtandao.

Usitegemee vile vijimstari vya juu ya kioo, kwani kila mtengenezaji wa simu huvipanga atakavyo. Tafuta namba. Kwenye simu nyingi za Android ingia Mipangilio, Kuhusu simu, halafu Hali ya SIM, uone nguvu ya mawimbi kwa dBm. Kwenye iPhone piga *3001#12345#*. Namba ina alama ya kutoa mbele, kwa hiyo -85 ni bora kuliko -110. Kwa 4G, ukiona -90 au bora zaidi, kaa hapo ufanye kazi. Kati ya -100 na -110 kazi itakwenda kwa kusuasua. Ikiwa mbaya kuliko -115, kwa mfano -120, fomu yenye picha usiitegemee. Usilinganishe namba ya 4G ya mtandao mmoja na namba ya 2G ya mwingine, kwa maana vipimo vyenyewe ni tofauti: mahali palepale, ya 4G huonekana mbaya zaidi hata kama mawimbi ni mazuri.

Nguvu ya mawimbi ni nusu ya habari, maana mnara unaweza kukupa -80 halafu data isitembee kwa sababu umejaa. Kwa hiyo fanya kazi yenyewe. Mimi hutuma fomu moja ya majaribio yenye picha nne, nikishika saa ya kuhesabia sekunde, mara tatu asubuhi, mara tatu mchana, mara tatu saa 2 usiku. Halafu napiga simu kumi za dakika mbilimbili, nahesabu ngapi ziligoma kuunganika na ngapi zilikatika katikati. Pima ndani ya nyumba na nje, mlango ukiwa umefungwa. Hatua tatu kutoka mlangoni hadi kona ya chumba chenye bati na kuta nene zinaweza kukushusha kutoka 4G hadi 2G.

Daftari langu lina safu hizi: mahali, saa, mtandao, kizazi, dBm, sekunde za fomu, simu zilizokatika. Jioni moja laini niliyoipa herufi A ilisoma -88 na fomu ikachukua sekunde 140. Laini B ilisoma -101, fomu ikatoka kwa sekunde 35. Ningetazama vijimstari tu ningenunua A kwa timu nzima.

Usichukue wastani wa vijiji vyote. Vijiji vitano vikiwa vizuri na kimoja kikiwa hakina kitu, wastani utapendeza, na mdodosaji wa kijiji cha sita atakaa bila mawasiliano. Angalia mahali pabaya kuliko pote kwa kila mtandao, kisha chagua ule ambao pabaya pake bado pana unafuu.

Hatua ya 6: Laini ya akiba isining'inie mnara uleule

Wengi hununua laini mbili za makampuni mawili wakaona wamejikinga. Siku hizi minara mingi ni ya makampuni ya minara, na mitandao hupanga humo kama wapangaji. Helios Towers, kwa mfano, ilinunua minara ya Vodacom mwaka 2013 na huwapangisha wengine pia. Betri za mnara huo zikiisha chaji, laini zako zote mbili zinaweza kuzimika kwa pamoja.

Programu kama CellMapper au Network Cell Info husaidia kukisia laini inashika mnara upi, lakini kipimo changu ni rahisi zaidi: nasubiri umeme ukatike, naandika saa, kisha natazama laini gani inaondoka kwanza. Zikiondoka pamoja, natafuta akiba nyingine.

Hatua ya 7: Nunua, sajili, au hama

Laini za ofisi zisajiliwe kwa jina la ofisi. Usimpe mdodosaji laini iliyosajiliwa kwa alama ya kidole chako, kwa sababu atakachokifanya nayo kitaulizwa kwako. Piga *106# uhakiki laini zilizo kwenye namba yako ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, na usiyoitambua ifutwe.

Kama tayari una namba inayojulikana na wateja, huna haja ya kuipoteza. Tangu Machi 2017 unaweza kuhama mtandao na namba yako. Nenda na kitambulisho kwenye duka la mtandao unaohamia, lakini kabla ya hapo lipa deni la salio na utoe fedha zote kwenye akaunti ya simu, kwa sababu hazihami na namba.

Mwisho, nyuma ya kila kishikwambi mimi hubandika karatasi ndogo niliyoiandika kutoka daftarini. Ya timu ya Mlalo ilisema: "Asubuhi laini ya 1. Kuanzia saa 12 jioni laini ya 2. Umeme ukikatika, nenda kwenye mkaratusi wa shule."