Unatafuta habari za bibi tajiri wa New York ya zamani? Anza na jina la mumewe

Jamani kama unataka kufuatilia maisha ya wale wake wa matajiri wa Marekani wa miaka ya 1900 hivi, usianze na jina lake mwenyewe, utatoka kapa. Magazeti ya enzi zile yalimwita mke kwa jina la mume.

Chukua Alva, mke wa tajiri William K. Vanderbilt wa New York, ndo ninayempenda kuliko wote. Mpaka 1895 mtafute kama Mrs. W. K. Vanderbilt, hapo akadai talaka akapata, na kwa watu wa tabaka lake ilikuwa aibu kubwa kweli, alafu 1896 akaolewa na Oliver Belmont basi kuanzia hapo ni Mrs. O. H. P. Belmont, hata baada ya mume kufariki 1908 bado ni hivyo hivyo. Ingia Chronicling America, hazina ya magazeti ya zamani mtandaoni ya Maktaba ya Bunge la Marekani, ni bure, weka jina na mwaka.

Cha pili ujue msimu. Kipindi cha baridi wako New York, kiangazi wanahamia Newport, mji wa pwani kule Rhode Island, kwa wiki chache tu, na kwa hizo wiki chache Alva alijengewa jumba la Marble House, 1888 hadi 1892, inasemekana dola milioni 11 na milioni 7 zilienda kwenye marumaru peke yake!

Ila usiishie kwenye kurasa za sherehe na magauni, hapo ndo wengi wanakosea. Soma na habari za migomo: mwishoni mwa 1909 mafundi wa kike wa kushona mablauzi waligoma New York, na huyu mama alikwenda mahakama ya usiku ya Jefferson Market kuwawekea dhamana. Mwaka huo huo alifungua Marble House kwa mikutano ya kudai kura ya wanawake.

Na tafadhali msome na binti yake Consuelo, aliyeozwa kwa Duke wa Marlborough, bwana mkubwa wa Uingereza, 1895 akiwa na miaka 18 na hakumtaka. 1926 Alva mwenyewe alikiri kwamba alimlazimisha. Ukiliruka hilo utakuwa umemjua nusu.

Malizia na magazeti ya Januari na Februari 1933. Alifia Paris, akazikwa New York, na waliosindikiza jeneza lake walikuwa wanawake. Ila kwenye kutafuta andika Mrs. O. H. P. Belmont, hata siku hiyo walimwita hivyo.