Kupunguza uzito bila kuacha ugali: hatua ninazowapitisha watu ninaowahudumia

Nafanya kazi ya ushauri wa lishe hapa Dar es Salaam, na wengi wanaokuja kwangu tayari wameshaacha ugali. Wameacha ugali, wameacha wali, wanakunywa maji ya ndimu alfajiri, na mizani bado imegoma palepale. Nikiuliza mboga ya jana usiku ilipikwaje, chai ina vijiko vingapi vya sukari na soda ni ngapi kwa wiki, hapo ndipo mazungumzo ya kweli yanapoanza. Chakula chetu cha nyumbani hakina kosa. Kinachotuzidi ni vipimo, na kipimo kinachotuzidi kuliko vyote ni mafuta ya kupikia. Kwa hiyo katika mwongozo huu sitakutuma dukani kununua kitu cha ajabu. Tutaanzia jikoni kwako.

Kabla ya yote, kuna watu nisiopenda waanze peke yao. Mjamzito hapunguzi uzito kwa kujinyima. Anayenyonyesha aongee kwanza na wahudumu wa kliniki. Anayetumia insulini au vidonge vya kisukari kama glibenklamaidi lazima amwone daktari wake kwanza, kwa sababu ukipunguza chakula huku dozi ikibaki ileile, sukari inaweza kushuka ghafla ukaanguka. Mwenye dawa za presha naye afuatiliwe, maana uzito ukipungua presha nayo hushuka na dozi huenda ikahitaji kubadilishwa. Na ukipata maumivu ya kifua au kukosa pumzi kwa mwendo mdogo tu, nenda hospitali kabla ya kufikiria mazoezi.

Hatua ya kwanza: jipime, uandike

Tafuta daftari dogo. Pima uzito asubuhi baada ya kutoka chooni, kabla ya kunywa chai. Kama huna mizani, maduka mengi ya dawa wanapima. Tumia mizani ileile kila mara. Kisha chukua utepe wa fundi cherehani upime kiuno, katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, ukiwa umeshatoa pumzi, bila kuvuta tumbo ndani. Kwa mwanamke, kiuno kikifika sentimita 80 hatari ya kisukari na magonjwa ya moyo huanza kupanda, na kikizidi 88 ni kubwa zaidi. Kwa mwanaume namba hizo ni 94 na 102. Mimi naamini utepe kuliko mizani, kwa sababu mafuta ya tumboni ndiyo yenye madhara makubwa, na kiuno huweza kupungua hata katika wiki ambayo mizani imekaa kimya.

Lengo lako la kwanza liwe asilimia 5 hadi 7 ya uzito ulionao. Mtu wa kilo 90 alenge kupunguza kilo 5 au 6, kwa mwendo wa nusu kilo hadi kilo moja kwa wiki. Wengi wakisikia hivyo wananuna, wanataka kilo 20. Lakini mwaka 2002 yalitoka matokeo ya utafiti mkubwa wa Marekani wa kuzuia kisukari, uliohusisha watu zaidi ya 3,000 ambao sukari yao ilikuwa imeshaanza kupanda. Waliopangiwa kupunguza asilimia 7 ya uzito na kufanya mazoezi dakika 150 kwa wiki, uwezekano wao wa kupata kisukari ulipungua kwa asilimia 58, zaidi ya kundi lililopewa dawa. Kilo chache zinafanya kazi kubwa mwilini. Anayepunguza kwa pupa hupoteza misuli pamoja na mafuta, na anaweza kupata mawe kwenye mfuko wa nyongo.

Hatua ya pili: dumu la mafuta

Hapa nitakaa muda mrefu, kwa sababu ndipo penye ushindi.

Kuna mama mfanyabiashara wa vitenge aliyeniambia, "Mwanangu, mimi sili kitu, mwili huu ni wa ukoo." Nikamuuliza, "Mama, dumu la mafuta la lita tano linakaa siku ngapi nyumbani?" Akajibu bila kusita: wiki mbili, na wako wanne. Tukachukua kalamu. Lita moja ya mafuta ina takriban kalori 8,300, yawe ya alizeti, ya mawese au ya aina yoyote, na hata yale ya chupa yenye picha ya moyo. Lita tano kwa watu wanne kwa siku 14 ni zaidi ya kalori 700 kwa kila mtu kila siku, sawa na vijiko sita vya chakula. Na hapo hatujahesabu tui la nazi, karanga wala mafuta yaliyomo kwenye nyama yenyewe. Mama akaitazama ile karatasi, akasema, "Kumbe nilikuwa nayanywa."

Fanya hivi. Chukua kalamu isiyofutika, andika kwenye dumu tarehe uliyolifungua. Weka kijiko cha chakula kando ya jiko, na kuanzia leo mafuta yapitie kwenye kijiko hicho kabla ya kuingia kwenye sufuria. Kadiria vijiko viwili kwa mtu kwa siku, kwa mapishi yote. Kwa watu wanne ni vijiko vinane, na hapo dumu la lita tano litakwenda karibu wiki sita. Kwa nyumba ya yule mama, badiliko hilo pekee ni karibu kalori 500 kwa kila mtu kwa siku, ambazo kwenye karatasi ni karibu nusu kilo kwa wiki. Mwili haufuati hesabu kwa usahihi namna hiyo, ila mwelekeo ndio huo. Kama kuna watoto wadogo ndani ya nyumba, usiwabane wao. Waongezee kwenye sahani zao.

Ladha haitapotea ukibadilisha mbinu. Kwa mchicha au matembele ya watu wanne, weka vijiko viwili vya mafuta, kitunguu kiive taratibu hadi kilainike, kisha nyanya mbili zilizokunwa na chumvi kidogo. Funika. Nyanya itatoa maji yake na kitunguu kitamalizika kuiva humohumo. Ikianza kukauka ongeza maji kidogo, si mafuta. Mboga iingie mwishoni, dakika mbili tatu, ingali na rangi yake. Kwa samaki na maharage ya nazi, tumia tui jepesi la mkamuo wa pili, na lile zito liwe la sikukuu. Nyama ikishachemka, acha mchuzi utulie, kisha engua mafuta yanayoelea juu. Vya kukaanga kwa kuzamisha, kama maandazi, sambusa, chipsi na kuku wa kukaanga, panga siku moja kwa wiki na ufurahie. Sahani ya chipsi mayai peke yake inakaribia nusu ya kalori ambazo wanawake wengi wanahitaji kwa siku nzima.

Hatua ya tatu: unachokunywa

Soda ya nusu lita ina sukari zaidi ya gramu 50. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isizidi takriban gramu 50 kwa siku, na ni bora zaidi ikibaki chini ya 25. Yaani chupa moja imemaliza siku. Juisi ya matunda, hata ukiikamua mwenyewe, imeacha nyuzinyuzi kwenye chujio na kubakiza sukari. Kula chungwa lenyewe. Bia ya nusu lita ina takriban kalori 200, na mara nyingi huja na nyama choma.

Chai usiikate sukari siku moja. Ukiwa unaweka vijiko vitatu, wiki hii weka viwili na nusu, wiki ijayo viwili, hivyohivyo. Ulimi huzoea, na baada ya miezi miwili chai ya zamani utaiona kama sharubati. Tangawizi, mchaichai na iliki vinasaidia sana hapa.

Hatua ya nne: panga sahani

Nusu ya sahani iwe mboga: mchicha, kisamvu, bamia, kabichi, biringanya, kachumbari. Robo iwe kitoweo: maharage, choroko, samaki, dagaa, mayai, kuku asiye na ngozi. Robo inayobaki ndiyo ya ugali, wali, ndizi, viazi au mihogo. Ugali wa ukubwa wa ngumi yako unatosha kwa wengi. Mwenye kazi ya kubeba mizigo au kulima anahitaji zaidi. Pakua mboga kwanza, ugali mwisho. Ukianza na ugali, utajaza sahani na mboga itakosa nafasi.

Watu wanapenda kuniuliza kuhusu dona. Dona ni bora kuliko sembe, lina nyuzinyuzi na linakaa tumboni, lakini kalori zake hazitofautiani sana. Bonge la dona bado ni bonge. Na kiazi kitamu cha kuchemsha ni chakula kizuri, ila kinakaa kwenye robo ya wanga. Usikile pamoja na wali ukidhani ni mboga. Parachichi nusu na karanga za kujaza kiganja ni vizuri kwa moyo, lakini vihesabu, kwani vina mafuta mengi.

Kitoweo usikiogope. Unapopungua uzito mwili unaweza kula misuli yako, na kinachoilinda ni protini pamoja na mazoezi ya nguvu. Asubuhi badala ya chapati mbili na chai, jaribu mayai mawili ya kuchemsha, kiazi kimoja na kipande cha papai. Utafika saa sita bila kutafuta kitafunwa.

Unayekula kwa mama lishe, sema mapema kabla hajapakua: "Mama, naomba wali nusu, maharage yajae, na mboga ya kutosha. Mchuzi chota wa chini." Wa juu ndio wenye mafuta. Ukishakuwa mteja wake atakuwekea bila kuulizwa.

Usishuke chini ya kalori 1,200 kwa siku bila msimamizi wa afya. Na chai za kupunguza tumbo, zile zinazokuharisha, zinatoa maji na kinyesi, mafuta yamebaki palepale. Vidonge vya kupunguza mwili vinavyouzwa mitandaoni vinanitisha zaidi. Sibutramini, dawa iliyokuwa ikitumika kupunguza uzito, iliondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa sababu ya hatari ya mshtuko wa moyo na kiharusi, na imekuwa ikikutwa imefichwa ndani ya bidhaa zinazoitwa za mitishamba. Tafadhali usimeze kitu ambacho hujui kimetengenezwa kutokana na nini.

Hatua ya tano: mwili utembee

Nusu saa ya kutembea haraka huchoma takriban kalori 150 kwa mtu wa kilo 80. Soda ya nusu lita ina zaidi ya 200. Ndiyo maana nimeanza na chakula: huwezi kuukimbia mdomo wako. Lakini mazoezi yanashusha sukari na presha, yanalinda misuli, yanaleta usingizi, na ndiyo yanayozuia kilo zisirudi.

Lenga dakika 150 kwa wiki. Anza na dakika 10 baada ya mlo, mara mbili kwa siku, kisha ongeza dakika tano kila wiki. Mwendo sahihi ni ule unaoweza kuongea lakini huwezi kuimba. Shuka kwenye daladala kituo kimoja kabla. Kwa joto la Pwani, alfajiri na jioni ndio muda wake, na akina mama tafuteni mwenza, kwa usalama na kwa kukumbushana. Vaa raba, si kandambili. Mwenye uzito mkubwa asianze na kuruka kamba wala kukimbia. Magoti yatamgomea katika wiki ya kwanza.

Siku mbili kwa wiki ongeza mazoezi ya nguvu sebuleni. Keti na kuinuka kwenye kiti bila kushika, mara 10. Pushapu za ukutani, mara 10. Beba chupa za maji za lita moja na nusu, uzipandishe juu ya mabega, mara 10. Pumzika dakika moja, rudia mzunguko mara tatu. Ikiwa rahisi, tumia kiti kifupi zaidi na hamisha pushapu kutoka ukutani hadi kwenye meza imara.

Usingizi nao uangalie. Anayelala saa tano kwa siku huamka na njaa isiyoshibishwa na mboga.

Hatua ya sita: mizani ikigoma

Wiki ya kwanza unaweza kupungua kilo mbili. Sehemu kubwa ni maji, usishangilie sana. Baadaye mwendo utapungua, na kwa wengi unasimama kabisa baada ya miezi michache. Ni kawaida: mwili mdogo unahitaji chakula kidogo kuliko ule wa zamani. Kwa wanawake, uzito pia hupanda kidogo siku za karibu na hedhi, hivyo linganisha mwezi kwa mwezi.

Ukigoma wiki tatu, usikate chakula zaidi. Angalia kwanza tarehe kwenye dumu, kisha andika kila kinachoingia mdomoni kwa siku tatu, pamoja na kile ulichoonja ukipika na ulichomalizia kwenye sahani za watoto. Mara nyingi jibu liko hapo. Kama haliko, ongeza dakika 10 za kutembea.

Na kama miezi mitatu imepita, daftari linaonyesha umefuata kila kitu na kiuno hakijasogea, nenda hospitali. Omba wapime sukari na homoni za tezi ya shingo, na uwatajie dawa zote unazotumia, kwani baadhi, zikiwemo za steroidi na sindano ya uzazi wa mpango, huweza kuongeza uzito. Dawa usiziache mwenyewe. Mpe daktari lile daftari alisome.