Foleni isiyo na ajali: tuitengeneze kwenye kompyuta

Umekaa kwenye foleni, unasogea kidogo kidogo, halafu ghafla njia inafunguka na huoni ajali wala mafundi wa barabara. Foleni ya namna hiyo ndiyo tunayoitengeneza leo. Modeli yenyewe waliitoa Kai Nagel na Michael Schreckenberg mwaka 1992, Ujerumani.

Kwanza barabara. Chukua safu ya visanduku 100, unganisha mwisho na mwanzo iwe duara, ili gari likitoka kisanduku cha 99 liingie cha 0. Kila kisanduku ni mita 7.5, nafasi ya gari moja lililosimama. Mwaga magari 15 popote, yote mwendo 0. Hatua moja ni sekunde 1. Mwendo wa juu ni visanduku 5, yaani kilomita 135 kwa saa.

Kila hatua, kila gari lifuate mpangilio huu:

1. Ongeza mwendo kwa 1, usipite 5.
2. Hesabu visanduku vitupu vya mbele. Mwendo ukivizidi, ushushe ulingane navyo.
3. Rusha kete: kwa uwezekano p (anza na 0.3) punguza 1, usishuke chini ya 0.
4. Sogeza gari.

Ya 3 ndiyo dereva mwenyewe: mwenye kuchungulia simu, mwenye kukanyaga breki kupita kiasi. Wengi huihamisha kabla ya ya 2 wakidhani ni sawa tu. Si sawa. Breki ya kupita kiasi inapotea, na foleni tunayoitafuta inapotea nayo.

Tazama magari manne yanayofuatana kwa mwendo 3, kila moja likiwa na visanduku 3 vitupu mbele. Kete inamwangukia wa kwanza, anashuka hadi 2. Nafasi ya wa pili inabaki 2, kwa hiyo hatua inayofuata lazima ashuke hadi 2. Kete ikimwangukia naye, ni 1. Wa tatu anakuta nafasi ya 1, anashuka hadi 1, kete tena: 0. Amesimama. Wa nne hana hata kisanduku, naye anasimama bila kete yoyote. Wa kwanza keshaenda zake, hana habari.

Sasa weka p iwe 0. Magari yaleyale 15 yatajipanga yenyewe na yote yatafika mwendo 5. Rudisha 0.3, chapisha kila hatua kwenye mstari wake: nukta kwa kisanduku kitupu, tarakimu ya mwendo kwa gari. Utaona sifuri zikirundikana na rundo likihama mstari hadi mstari. Ukitaka wastani wa mwendo, tupa hatua 1000 za mwanzo kabla ya kupima.

Maswali ya wanachama

Mwalimu, magari yangu yanapandana. Nimekosea wapi?
Angalia mawili. Nafasi ni namba ya kisanduku cha wa mbele, toa cha kwako, toa 1 (hiyo 1 husahaulika sana). Jibu likiwa hasi, ongeza 100. Pili, piga mahesabu ya magari yote kwanza, ndipo uyasogeze yote kwa pamoja.

Rundo langu linarudi nyuma wakati magari yanaenda mbele. Ni kosa la programu?
Hapana ndugu, hapo umepatia. Wa mbele wanachomoka, wa nyuma wanajiunga. Wajapani walilijaribu kwa magari halisi, matokeo yakatoka 2008: magari 22 kwenye duara la mita 230, madereva wameambiwa waende kama kilomita 30 kwa saa. Foleni ilizuka yenyewe, ikarudi nyuma kwa takriban kilomita 20 kwa saa.

Naweza kumpa kila dereva p yake?
Unaweza. Ila mimi ningeanza na p kubwa zaidi kwa gari lililosimama tu, 0.5 hivi. Rundo likishaundwa hapo, halivunjiki upesi.